Watani Waliponyamaza

Kosa litakaloonekana katika kumbukumbu hizi ni kiburi cha mtu anayejiona msafi. Nimelitaja mwanzoni ili msomaji asihangaike kulitafuta, na ili mimi mwenyewe nisipate mwanya wa kulivika jina jingine njiani. Kiburi cha tajiri hujulikana, na cha mwenye cheo husamehewa siku cheo kinapokwisha. Kiburi cha msafi ni kigumu kutibu, maana mwenyewe hukiita uadilifu, akakilisha, akakipandisha jukwaani na kukipigia makofi.

Mimi ni mwalimu wa uraia katika shule ya binafsi Kilwa Masoko. Nimesoma vitabu vingi kuliko kazi yangu inavyovihitaji, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimeamini kwamba jamii huanza kupona siku mtu mmoja anapokataa kuinama. Mdogo wangu wa kike aliponipigia simu kutoka Lindi na kunieleza kwamba amechukua fomu ya kugombea ubunge kupitia chama kichanga cha wanamageuzi, niliomba likizo isiyo na malipo, nikapanda basi la asubuhi, nikaenda kuwa meneja wake wa kampeni. Hakuwa ameniomba niwe meneja. Nilipofika nyumbani kwake, mtaa wa Rasbura mjini Lindi, niliwakuta akina mama na vijana wameketi sebuleni wakipanga ratiba ya mikutano. Kabla sijamaliza chai nilikuwa nimeshaipangua.

Mdogo wangu ni mwanasheria. Kazi yake ilikuwa imejaa kesi za wajane walionyang'anywa mikorosho na ndugu wa waume zao kabla hata eda haijaisha, na humo ndimo siasa zake zilimozaliwa. Alitaka jina la mke liandikwe katika hati ya shamba sambamba na la mume. Alitaka binti aliyejifungua arudi darasani bila kusimangwa. Alitaka bei ya ufuta na ya korosho ijulikane na mkulima kabla hajafunga gunia. Haya aliyasema kwa utulivu, bila kupaza sauti, na watu walimsikiliza. Lakini kipawa chake kikubwa kilikuwa kingine, nami nilikiona kama udhaifu: alikuwa hodari wa kutaniwa.

Nakumbuka asubuhi moja sokoni Mingoyo, mwanzoni kabisa mwa kampeni. Mzee mmoja aliyekuwa akipima mbaazi alimwita kutoka mbali.

"Wewe binti wa Rasbura! Ubunge unautaka, na ugali hujui kusonga!"

"Nikishinda nitakusongea wewe, babu," akajibu bila kusita. "Ila meno ya kuutafunia utayatoa wapi?"

Soko zima lilicheka, na mzee akacheka kuliko wote, akiwaonyesha watu ufizi wake kama ushahidi. Nilimvuta mdogo wangu pembeni nikamwambia kwamba mgombea wa Bunge la Jamhuri hapaswi kurushiana maneno na wapima mbaazi. Alinitazama kwa subira aliyoirithi kwa mama yetu, akasema, "Kaka, pale ndipo wanapokupokea."

Ni lazima nieleze utani, ingawa kwa wasomaji wa kwetu ni kama kueleza chumvi. Ziko koo ambazo tangu enzi za mababu zimepatana hivi: utanitukana nikiwa hai, utanizika nikifa, na siku ya kunizika utawachekesha wanangu. Ukoo wetu wa upande wa mama una watani wake Mingoyo. Wao ndio huchimba makaburi yetu, nasi huchimba yao. Mtani huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, na jeneza linapotaka kutoka hulizuia mlangoni mpaka wafiwa watoe kitu: jogoo, kanga iliyochakaa, hata kiganja cha ugoro. Akishapewa, marehemu hutoka. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa hata nimeyafundisha darasani, kwa maelezo marefu, chini ya mada ya utamaduni.

Lakini katika kampeni ile nilikuwa nimeweka sheria moja: hatutoi chochote. Katika pwani hii kanga na fulana ndizo silaha za uchaguzi, na upande wa mpinzani wetu ulikuwa tayari unazigawa mchana kweupe. Mimi niliazimia kwamba sisi hatutatoa hata pipi kwa mtoto, ili siku ya siku tusimame mbele ya watu na mikono isiyo na doa. Azimio lenyewe halikuwa baya, na hata leo ningeliweka tena. Aibu yangu haitokani na sheria ile. Inatokana na mahali nilipoipeleka.

Kampeni ikiwa imeshika moto, mjomba wetu wa Mingoyo alifariki. Tulisimamisha mikutano, tukaenda msibani. Watani walikuwa wamekwishafika. Wanaume wao walikuwa makaburini wakichimba tangu mapema, na ndani ya nyumba alikuwepo kiongozi wao, mwanamke wa makamo ambaye Mingoyo nzima inamjua. Ni mfanyabiashara wa ufuta na mbaazi, mwenye ghala lake na kigari cha mizigo, kirikuu, anachokiendesha mwenyewe huku akiwafokea madereva wa malori. Siku ile alikuwa amevaa koti zito la mjomba, lile ambalo marehemu hakulivua hata katika joto la Machi, na alikuwa akichechemea kama yeye, fimbo mkononi.

"Nani kamaliza chai yangu?" alinguruma kwa sauti ya mjomba. "Redio hiyo zimeni! Taarifa ya habari yote ni uongo, isipokuwa vifo!"

Mjane, ambaye hakuwa amekula wala kusema tangu alfajiri, alijiziba uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia, mpaka nilipomsikia akisema, "Ndivyo alivyo! Ndivyo alivyo mzee huyu!" Shehe aliangalia pembeni, kama mashehe wa kwetu wanavyoangalia pembeni siku zote saa kama ile ikifika.

Tulipoinua jeneza, yule mwanamke alijilaza kwenye kizingiti, koti na fimbo pamoja.

"Hapiti mtu! Mzee huyu haendi popote kabla sijasema na mgombea. Mheshimiwa mtarajiwa, kura ya mjomba wako ndiyo hiyo inaingia kaburini. Utaifukua? Basi nisikilize. Nimelala kwenye sakafu, naona baridi. Nifunike kanga yako, nami nitakupa kura mbili, yangu na ya marehemu!"

Kicheko kilichopasuka humo ndani kilikuwa kile cha msibani, kinachotoka pamoja na machozi. Mdogo wangu, macho yamemvimba kwa kulia, alicheka pia, akaanza kuvua kanga aliyojitanda mabegani. Ilikuwa kanga yake mwenyewe, iliyofifia rangi kwa kufuliwa. Nami wakati huo nilikuwa nimeiona simu. Kijana mmoja uani alikuwa ameinyanyua juu ya vichwa vya watu, akirekodi. Niliona picha nzima kama itakavyosambaa: mgombea, mpigakura, kanga, na ahadi ya kura mbili. Niliachia pembe ya jeneza, nikamshika mdogo wangu mkono.

"Usitoe."

"Kaka, ni mtani."

"Ni mpigakura."

Kisha nikamgeukia aliyelala kizingitini. "Mama, naomba uondoke mlangoni. Sisi hatununui kura, wala hatuuzi heshima ya marehemu."

Aliangua kicheko, akapiga sakafu kwa fimbo. "Heee! Jamani njooni msikie, mwalimu naye anajua kutania! Kumbe na kwenye vitabu utani umo!" Watu wakacheka naye, na hapo, kama ningekuwa na chembe ya hekima, ningecheka pia, na mambo yangeishia hapo.

"Sitanii," nikasema.

Ukimya ulianzia kwa waliokuwa karibu, ukaenea mpaka uani.

"Hutanii?"

"Sitanii, mama. Kuomba kitu ili utoe kura ni rushwa, na sheria inaitambua hivyo, hata mlangoni pa maiti."

Aliketi. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mgeni huyu. Akainuka, akavua koti la mjomba, akalikunja vizuri mikono ikiwa ndani, akaliweka mkekani mbele ya mjane.

"Basi nimekosea msiba," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa ya chini vile. "Nilidhani nimekuja kwetu."

Alitoka, na watani wote wakatoka nyuma yake. Tulipofika makaburini tulikuta kaburi limechimbwa, kingo zake zimenyooka, na majembe yamelazwa kando, bila mtu. Tulimfukia mjomba wenyewe, mimi na wakwe na majirani wachache, kwa mikono isiyoijua kazi ile. Hakuna aliyenilaumu. Nililichukua hilo kuwa ni kukubaliwa.

Ningeweza kunyamaza baada ya hapo. Lakini mwenye kiburi cha usafi hanyamazi, hutafuta hadhira. Katika mkutano uliofuata, kwenye kijiji kimoja cha wakulima wa korosho, nilichukua kipaza sauti kabla ya mgombea na kuwasimulia watu habari ile kama mfano wa msimamo wetu. Nilisema wapo waliothubutu kuomba rushwa hata mlangoni pa marehemu, na kwamba huenda walitumwa. Nilisema hivyo juu ya mwanamke mwenye ghala, ambaye kama angetaka angeweza kuivika kanga kila nyumba ya kijiji kile. Makofi yalipigwa hapa na pale. Mdogo wangu aliyekuwa ameketi nyuma yangu hakupiga. Nina hakika maneno yangu yalifika Mingoyo kwa bodaboda kabla gari letu halijageuza.

Kuanzia hapo tulipokewa vizuri mno. Kila tulipokwenda watu walikaa kimya, wakasikiliza, wakapiga makofi mwishoni. Mzee wa mbaazi, tulipopita tena sokoni, alisimama, akavua kofia, akamwambia mdogo wangu, "Karibu, Mheshimiwa. Tunakusikiliza." Mdogo wangu alimwamkia, "Shikamoo, babu," akangoja. Mzee akaitikia, "Marahaba," akarudi kwenye mizani yake.

Tulipokuwa garini nilisema, na naandika maneno haya nikitamani yangekuwa ya mtu mwingine: "Umeona? Sasa wanatuheshimu."

"Kaka," akasema, "hawatutanii."

"Afadhali."

"Hawatutanii, kaka. Mtu asiyetaniwa ni mgeni. Nani anampa mgeni kura?"

Jioni ile ile aliniambia anataka kwenda kwa yule mwanamke kuomba radhi. Kwa desturi, aliyemkosea mtani hapeleki maneno matupu. Huenda na kuku au unga, hutukanwa vya kutosha, na mambo yakaisha. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba akionekana anashuka Mingoyo na kuku mkononi siku chache kabla ya kura, kila tulichokijenga kitabomoka.

"Basi niende mikono mitupu."

"Huendi."

Hakwenda. Mimi ni kaka mkubwa, na tangu wazazi wetu walipotutoka hajawahi kunivunjia neno mbele ya watu. Hapa ndipo aibu yangu inapokuwa kubwa kuliko ninavyoweza kuibeba kwa maneno. Kampeni yetu nzima ilisimama juu ya hoja kwamba mwanamke aamue mwenyewe, shamba lake, shule yake, maisha yake. Kesho yake, pale Rasbura, niliketi nikimwandikia hotuba ya hoja hiyo, baada ya kumkataza kutoka nyumbani kwake kwenda kuomba msamaha. Sikuuona mgongano huo. Nilikuwa nikitafuta neno zuri zaidi la "uhuru".

Alishindwa. Aliyeshinda aligawa kanga na fulana, na ningependa kuandika kwamba kanga hizo ndizo zilizotuangusha, maana ningelala vizuri. Lakini watu wa Mingoyo walikuwa wakizivaa kanga hizo tangu mwanzo, siku zile walipokuwa wakicheka na mdogo wangu sokoni, na hakuna aliyeona ugumu wa kuvaa nguo ya mmoja na kumpenda mwingine. Vituo tulivyovitegemea, vya upande wa mama yetu, ndivyo vilivyotuacha. Wakala wetu wa Mingoyo alipotuletea matokeo ya kule hakusema mengi. "Walikuja wengi," alisema. "Walipanga foleni kimya kimya."

Mdogo wangu alijifungia chumbani, akazima simu. Kushindwa uchaguzi hakuna matanga: hakuna anayejua akupe pole kwa maneno gani, akae kwa muda gani, apike nini. Waliokuja walikuwa wachache. Niliwapokea mimi barazani, nikawaeleza kwamba wananchi wameuza utu wao kwa kitambaa. Walitikisa vichwa, wakanywa kahawa, wakaaga. Ndani, mlango wa chumba haukufunguka. Chakula nilichokiweka mlangoni nilikikuta pale pale kikiwa kimepoa, na nilipobisha alijibu, "Niko salama, kaka," kwa adabu ile ile ya wapigakura wa Mingoyo. Hapo ndipo nilipoogopa. Ubunge ulikuwa umekwenda, na sasa nilikuwa nampoteza yeye.

Alasiri moja honi ililia nje bila kukoma. Kirikuu kilisimama mbele ya baraza, nyuma kimejaa akina mama, na kutoka mlango wa dereva akashuka yule mwanamke, amejifunga kanga kiunoni, mikono kichwani, analia kilio cha msiba kilichowatoa majirani wa Rasbura majumbani mwao.

"Mmemlaza wapi maiti?"

Nilisimama. "Maiti gani, mama?"

"Ubunge! Tumesikia umekufa! Msiba gani huu, watani wanausikia sokoni? Nani kauosha? Nani kaukafini? Au mmeufukia wenyewe tena, kaburi likabaki limebonyea kama la mjomba wenu?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani na jeshi lake, wakaketi kwenye mkeka sebuleni, wakaanza kuomboleza kwa kupokezana. "Ubunge wetu eee, umekwenda mchanga! Hujakalia hata kiti! Hujaonja hata posho!"

Mlango wa chumba ulifunguka. Mdogo wangu alisimama pale, nywele hazijachanwa, macho mekundu. Yule mwanamke alimnyooshea kidole.

"Mfiwa huyo! Tuambie, marehemu alikuwa anaumwa nini?"

Mdogo wangu alinitazama mimi kwanza.

"Umekufa kwa kaka," akasema.

Nyumba ililipuka. Walicheka akina mama wale mpaka wengine wakalala mkekani, na mdogo wangu akacheka akiwa ameegemea kizingiti, akacheka mpaka akashuka chini, na kicheko kikageuka kuwa kilio alichokuwa amekifungia chumbani siku zote zile. Wale akina mama walimsogelea, wakamshika. Maneno yale yalikuwa kweli tupu. Kwa njia nyingine yoyote asingeweza kuyasema mbele yangu, wala mimi nisingeweza kuyasikia.

Nilijikusanya, nikaanza kuomba radhi. Nilisema natambua kwamba kauli zangu zilivuka mipaka ya—

"Usiniombe radhi kwa Kiswahili cha redio," alinikatiza yule mwanamke. Kisha, bila kucheka, akasema, "Mama yangu alipofariki, mjomba wenu alivaa gauni lake, akacheza pale uani mpaka baba yangu akacheka. Baba hakuwa amekula, alikula siku ile. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu kwa mjomba. Ukanikatisha."

Radhi niliyoianza niliiacha pale pale ilipokatwa.

"Na sasa unasimama hapo kama mlingoti," akaendelea, sauti ikimrudi. "Wafiwa hawajala! Mwalimu, kakoroge uji!"

Akina mama walishangilia. Nilikwenda jikoni. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile muda wote wa kampeni na sikujua unga ulipo, wala sukari. Nilifungua kopo baada ya kopo, huku kutoka sebuleni nikisikia mdogo wangu akieleza mkutano mmoja ambapo kipaza sauti kilikataa, naye yule mwanamke akimwambia kwamba hata kipaza sauti kilikuwa kimechoka na kaka yake. Wakacheka tena. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, nikikoroga uji uliokuwa tayari umefanya mabonge.

Jirani wa nyuma alichungulia juu ya ukuta wa uani. Alijua hali ya nyumba ile, na vicheko vilimshangaza.

"Mwalimu, kwema? Nani amekuja?"

"Mtani."